Mama hataki kugusa hela yangu kwa sababu nachora matangazo ya bunduki

BARUA

Shikamoo Shangazi, pole na majukumu. Mi ni binti wa hapa hapa Kigoma, naishi Gungu na mama yangu na wadogo zangu wawili. Kazi yangu ni dizaina wa grafiki, nachora logo, lebo, mabango, katalogi, vitu vyote vya kwenye kompyuta. Nilianzia kwenye stationari pale Mwanga nikawa natengeneza kadi za harusi na mabango ya mikutano ya injili na vipeperushi vya wagombea, baadaye nikaanza kupata kazi za nje kwa mtandao na huko ndo nilikokutana na huyu klaienti aliyeniletea haya yote.

Ni kampuni ya Marekani, jina nakuomba nisilitaje, wanatengeneza bunduki. Kazi ya kwanza ilikuwa boksi la risasi za kuwindia, nikachora paa na nyasi na jua la asubuhi wakalipenda sana, basi wakaniletea katalogi, afu vitabu vya maelekezo ile michoro inayoonyesha bunduki imefunguliwa vipande vipande na kila kipande kina namba yake, afu mabango ya yale maonesho makubwa ya silaha ya Las Vegas yanayofanyika kila Januari. Nikwambie ukweli Shangazi, kazi yenyewe naipenda. Kuchora chuma ni kazi ngumu, mwanga unavyopita juu ya mtutu mweusi kwenye ukurasa mweusi na bado msomaji auone, mbao ya kitako ionekane ni mbao kweli na mistari yake, mi hapo nimejifunza vitu ambavyo kwenye kadi za harusi nisingejifunza maisha yangu yote. Na wanalipa vizuri na kwa wakati. Ada ya mdogo wangu aliyeko bweni Kasulu inatoka hapo, bati za nyumba zimetoka hapo.

Halafu zikaja kazi za ziara. Hiyo kampuni inapokea wageni wa jeshi, wanajeshi wa kwao na wa nchi nyingine wanakuja kutembezwa kiwandani na kulenga shabaha uwanjani kwao, na mi ndo natengeneza kila kitu cha ziara: ratiba, beji za majina, bango la karibuni, slaidi za bosi, nembo za kushona begani, hadi sarafu za ukumbusho ambazo kila mgeni anapewa akiondoka. Za sarafu ndo nazipenda kuliko zote maana unabanwa kwenye duara dogo na lazima kila mstari uwe na sababu.

Sasa mama. Mama yangu alivuka ziwa mwaka 1996 kutoka Baraka, upande wa Congo, vita ilipowakuta. Kaka yake aliyemfuata alipigwa risasi mbele yake. Baba yangu marehemu alikuwa Muha wa hapa, wakaoana, tukazaliwa. Mama hayo mambo hayasemi, sisi tumeyajua kwa vipande vipande kwa shangazi zetu. Alikuwa anajua tu kwamba nachora matangazo ya wazungu na hakuwahi kuuliza ni matangazo ya nini. Juzi juzi kaniletea chai usiku, skrini ilikuwa imejaa bunduki moja kubwa maana nilikuwa narekebisha kivuli chake. Akasimama pale. Akaniuliza hii ni ya nani na mi nikamweleza yote. Hakugomba, aliweka kikombe akatoka, kesho yake nikampa hela ya sokoni akaiacha mezani. Tangu siku hiyo hagusi hela yangu, karudi Kibirizi kuchukua dagaa za kuuza kwa mtaji wa kukopa kikoba, na umri wake ule na magoti yale. Anasema hela ile haiwezi kuingia mdomoni mwake. Mjomba wangu wa Ujiji anasema mama anazidisha, mbona polisi wanabeba bunduki na tunalala usingizi kwa ajili yao, mbona mafundi wa Morogoro kule Mzinga wanatengeneza risasi za serikali na wanakwenda kanisani na msikitini kama watu wote. Mi nabaki katikati.

Na hapo hapo imekuja oda mpya. Bosi anataka kabrasha la ziara kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, la wageni wa jeshi wa kutoka Afrika. Nikamuuliza ni wa nchi gani ili nijue Kiswahili cha wapi, akajibu "wa ukanda wenu huko", nikauliza tena akasema hilo si la dizaina. Nusu ya malipo kashatuma. Anataka pia picha za ziwa letu na picha za wanajeshi wa Kiafrika za kweli kweli zisiwe za kununua mtandaoni, na akaongeza kwamba kama namfahamu ofisa yeyote wa jeshi anayeweza kuleta ugeni basi nina kamisheni yangu. Kuna binamu yangu yuko jeshini anasema anaweza kunipenyeza kwenye ziara ya wanafunzi watakaotembelea kambi yao nikapiga picha zangu taratibu.

Shangazi, hivi mi nina hatia? Mchoro unaua? Niache kazi nirudi kwenye kadi za harusi tule nini? Na hili kabrasha nilifanye au nisilifanye? Nisaidie, usingizi sina.

Binti wa Gungu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka nikairudia, na nimeuliza watu wawili watatu wanaojua mambo ya sheria kabla sijakujibu maana ndani yake kuna vitu vya kuumiza roho na kuna vitu vya kukupeleka polisi kabisa, na hivyo vya polisi naanza navyo kwa sababu haviwezi kusubiri.

Kambini usiende na kamera. Narudia, usiende. Binamu yako anakupenda lakini hana mamlaka ya kukuruhusu, na hata angekuwa na cheo kikubwa mara tatu ya alicho nacho bado ruhusa ya kupiga picha kambini haitolewi kwa udugu. Kambi ni eneo linalolindwa kisheria, sheria ya usalama wa taifa ipo tangu 1970, na yale mabango ya kukataza kupiga picha unayoyaona getini hayajawekwa kama mapambo. Wanafunzi wakipelekwa ziara au wazazi wakialikwa sherehe za kufunga mafunzo ya vijana wa JKT wanaona walichoandaliwa kuona na wanapiga picha pale wanapoambiwa piga. Wewe ungeingia kwa jina la mwanafunzi huku unatafuta picha za kampuni ya silaha ya nje. Hebu isome hiyo sentensi kama ofisa upelelezi anayeisoma asubuhi ofisini kwake. Binamu atapoteza kazi na wewe utakuwa unaeleza mambo ambayo hayaelezeki. Kama kampuni inataka picha za jeshi la nchi yoyote iandike barua kwa jeshi la nchi hiyo, wenyewe, kwa karatasi yao yenye kichwa cha barua, wewe hapo huna nafasi. Na kwa kuwa unachora nembo za begani na vitu vya madoadoa, usije ukachapa sampuli ya fulana au kofia ukaivaa mjini, JWTZ mwaka 2023 walitoa siku saba watu wasalimishe sare na nguo zinazofanana na za jeshi, hawataniwi kwa hilo.

La pili la polisi ni kamisheni. Mwanangu hapo ulikuwa dizaina, ukimtafutia mtu ofisa wa jeshi wa kumletea wateja umekuwa dalali wa silaha, hiyo ni kazi nyingine kabisa na ina sheria zake. Nchi za ukanda wetu ikiwemo Tanzania zilisaini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ya kudhibiti silaha ndogo na udalali umo ndani yake kwa jina. Sheria yetu ya kudhibiti silaha na risasi ya 2015 nayo ni kali. Huyo bosi labda alisema kirahisi tu kama watu wa biashara wanavyosema, mi simjui na simhukumu, lakini jibu lake ni hapana ya maandishi, kwa imeili, na hiyo imeili uihifadhi. Usimjibu kwa simu.

Na kitu kimoja ambacho hukukiuliza. Ile michoro ya bunduki iliyofunguliwa vipande. Kama unachora kutokana na picha na vitabu ambavyo mnunuzi yeyote anavipata basi hakuna shida. Lakini kama wanakutumia michoro ya kiwandani yenye vipimo, hasa ya silaha za kijeshi, ujue sheria za Marekani za usafirishaji wa silaha zinahesabu hata kumtumia mtu aliyeko nchi nyingine faili la kitaalamu kwa imeili kuwa ni kusafirisha silaha nje, inahitaji kibali. Matangazo na maelezo ya jumla ya bidhaa hayahesabiwi hivyo. Kwa hiyo waulize, mafaili haya mna ruhusa ya kunitumia? Kampuni inayojua kazi yake inalijua jibu kabla hujamaliza swali. Na yaliyoko kwenye laptopu yako usiyaweke kwenye portifolio wala kwenye status.

Haya, sasa turudi kwako.

Unauliza mchoro unaua. Mi nimefanya kazi kwenye uchapaji Dar miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Kigoma na hilo swali tulikuwa tunaulizana sana, siyo la bunduki, la sigara na la pombe na la siasa, vipeperushi vya kampeni za chuki vinapita mashineni kama vipeperushi vingine tu na fundi anahesabu rimu. Jibu nililobaki nalo ni kwamba usiulize umechora nini, uliza picha hiyo inamwambia nani kitu gani. Silaha kwenye mchoro siyo tatizo lenyewe. Nembo yetu ya taifa ina mkuki na shoka kwenye ngao, bendera ya Msumbiji tangu 1983 ina bunduki ya AK-47 juu ya kitabu pamoja na jembe, kuna wanaoipenda na kuna wanaotaka itolewe lakini hakuna anayesema aliyeichora ni muuaji.

Sasa chukua kazi zako uzipange kwa hilo swali. Kitabu cha maelekezo kinamwambia mwenye bunduki aliye na leseni namna ya kuifungua, kuisafisha, kuhakikisha haina risasi kabla hajaishika vibaya, kuifungia mbali na watoto. Hiyo michoro yako inaokoa watu na mi nakwambia kwa moyo wote ijivunie, huko Marekani watoto wanakufa kwa bunduki ya baba iliyoachwa droo ya kitandani na mchoro mzuri wa kufuli ni kazi ya maana. Boksi la risasi linasema hizi ni za aina gani na zisiwekwe kwenye bunduki gani. Nayo ni haki. Lakini ukifika kwenye bango na katalogi hapo ndo penyewe. Pale kazi yako ni kumfanya mtu atake. Atake nini, na kwa nini atake? Awinde? Alinde ng'ombe na fisi? Au ajione mwanaume?

Nakwambia hivi siyo kwa kubuni. Tarehe 14 Desemba 2012 kijana mmoja aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook huko Newtown, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Bunduki aliyotumia ilikuwa Bushmaster, mali ya kampuni ya Remington. Wazazi wakataka kushtaki, na Marekani kuna sheria ya 2005 inayowakinga watengenezaji wa bunduki wasishtakiwe kwa uhalifu wa wanaozitumia, mlango ukawa umefungwa. Unajua waliingilia wapi? Kwenye matangazo. Kwenye kazi ya mtu kama wewe. Walileta mahakamani tangazo lenye picha ya bunduki na maneno ya kumwambia mwanaume kwamba akiwa nayo hii basi uanaume wake umerudishwa, na mengine yaliyowapa vijana hisia za vita, wakasema kampuni ilivunja sheria ya biashara kwa kuuza hivyo. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaruhusu kesi iendelee mwaka 2019 na Februari 2022 ikamalizika nje ya mahakama kwa dola milioni 73, zililipwa na makampuni ya bima ya Remington. Waliokwenda kumalizana na wazazi siyo dizaina, na sisemi dizaina alimuua mtoto wa mtu. Nasema wanasheria wazima na mahakama nzima waliitazama ile picha na ile fonti na lile neno kama kitu chenye uzito, hawakusema hayo ni mapambo tu. Wewe unayejua kazi yako kuliko wao utasema ni mapambo?

Kwa hiyo kuna kazi ndani ya hiyo kazi ambazo unaweza kuzifanya ukiwa umenyoosha shingo na kuna ambazo nakuomba uziache. Mwambie bosi vitabu vya maelekezo, mabango ya usalama, maboksi, lebo, hayo endelea kunipa. Picha ya kumtamanisha kijana bunduki ya kivita tafuta mtu mwingine. Wapo watakaofanya, ndiyo, kesho asubuhi atapata mtu. Lakini hatakuwa wewe na hiyo inatosha kwa mtu mmoja kuifanya.

Ziara za wanajeshi sizioni mbaya zenyewe. Jeshi la nchi linakwenda kuangalia silaha kabla ya kununua, bila hivyo lingenunua gizani, na beji ya jina na ratiba ya chakula cha mchana havina dhambi. Sarafu zako ningependa kuziona. Lakini hili kabrasha la Kiswahili ni tofauti na nakwambia usilifanye mpaka ujibiwe ni la nani.

Sababu yenyewe ni hii. Silaha za kijeshi zikiuzwa kihalali kati ya nchi na nchi kuna cheti kinachosema mtumiaji wa mwisho ni nani, serikali gani, jeshi gani. Maana yake bosi wako anajua wageni wake, hawezi kuwa hajui. Akisema hilo si la dizaina anaweza kuwa na haki ya siri ya biashara, sawa, na wewe una haki ya kukataa. Kiswahili kinasemwa wapi mwanangu? Kinasemwa hapa, Kenya, kinasemwa Uvira na Baraka na Goma na Bukavu. Umoja wa Mataifa umeweka vikwazo vya silaha kwa makundi yenye silaha ya mashariki ya Congo tangu 2003 na mpaka sasa vipo. Inawezekana wageni ni wa jeshi halali la nchi tulivu na kila kitu ni safi, naomba iwe hivyo. Lakini hujui, na kwa mtoto wa mama yule kutokujua hakutoshi. Karatasi yenye maneno yako mazuri ya Kiswahili, karibuni sana ndugu zetu, mtambo huu unafanya hivi, inaweza kusomwa na mtu anayekwenda kusimama ng'ambo ya ziwa hili hili unaloliona ukishuka Kibirizi.

Na hapo ndo nafika kwa mama yako.

Mjomba wako wa Ujiji ana hoja na mi siwezi kumdharau. Sisi tuliokuwa tunasafiri Kasulu kwenda Kibondo mpaka Nyakanazi enzi za utekaji wa mabasi tunajua ilivyokuwa, basi haliondoki mpaka wapande askari wenye bunduki, na mkiwaona tu wamekaa mlangoni moyo unatulia. Bunduki ile ile ilitufikisha nyumbani. Hata yule Mrusi Mikhail Kalashnikov aliyebuni AK-47, mtu aliyepewa nishani kubwa kubwa za nchi yake, uzeeni kabla hajafariki Desemba 2013 alimwandikia barua mkuu wa Kanisa la Orthodox la Urusi akiuliza kama bunduki yake imeua watu basi na yeye ana hatia hata kama waliouawa walikuwa maadui. Barua ikachapishwa magazetini Januari 2014. Kanisa lilijibu kwamba silaha ikitumika kulinda nchi wao wako pamoja na aliyeibuni na askari wanaoibeba. Mjomba angefurahia sana hilo jibu. Lakini we angalia kwamba mzee wa miaka zaidi ya 90 bado alikuwa anauliza, kwa hiyo na wewe usijione mgonjwa kwa kuwa huna usingizi.

Ila hoja ya mjomba haimjibu mama. Mama hakusema polisi waache bunduki. Mama hajasema hata wewe una hatia, rudia barua yako uone, hukuandika popote kwamba alikulaumu. Alisema hela ile yeye haiwezi kuingia mdomoni mwake. Anaongelea mdomo wake. Mwanamke aliyeona kaka yake anaanguka hahitaji kuelezwa tofauti ya soko la uwindaji na soko la jeshi, na usijaribu kumweleza kwa katalogi mkononi, tafadhali. Wala usimtume mjomba wala mchungaji akamshawishi apokee. Mama anastahili kukataa na kuheshimiwa kukataa kwake, hata kama nyumba nzima inaona anazidisha.

Unachofanya ni kuzitenga hela. Kazi zote unazopata nyingine, hata kadi za harusi, hata lebo, hizo ndo za chakula cha mama na dawa ya magoti na ndo zilipe ule mkopo wa kikoba ili asiamke alfajiri kwenda Kibirizi. Umwambie wazi, mama hii ni ya lebo ya mawese ya fulani, na iwe kweli, usije ukachanganya ukadhani hatajua. Ada ya mdogo wako na bati ni mambo yako na Mungu wako na mama hajayagusa, nawe usiyaguse kwa sasa, mtoto asirudishwe nyumbani kutoka shule kwa ajili ya hili. Halafu siku akiwa ametulia muulize kuhusu mjomba wako yule wa Baraka. Alikuwa anaitwa nani, alikuwa anapenda nini. Usimuulize kuhusu risasi. Wewe umeishi na hayo mambo kwa vipande vya kwa shangazi zako na yeye ameyabeba peke yake tangu 1996, na nadhani kilichomuumiza pale mlangoni ni kuona mtoto wake anaijua ile kitu kwa mistari yake yote, kivuli chake, mbao yake, kuliko anavyomjua marehemu. Naweza kuwa nimekosea hapo, lakini muulize.

Kuhusu mtakula nini. Hapa watu wa lebo wapo na wanahangaika, mawese yanauzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, dagaa wetu wanafika Dar bila jina, kahawa ya Kasulu na Buhigwe inakunywewa nje na hapa hakuna hata boksi zuri la kumpa mgeni zawadi. Hela yake ni ndogo, sikudanganyi, haitafikia ya Mmarekani. Kwa hiyo usiishie hapa. Mtu anayeweza kuchora bunduki imefunguliwa vipande vyenye namba anaweza kuchora injini ya boti, pampu ya sola, mashine ya kukamua mawese, kifaa cha hospitali, na vitabu vya hivyo vyote vinatafutwa na viwanda vya dunia nzima na mafundi wa michoro hiyo ni wachache. Chora mitatu minne ya namna hiyo kwa mkono wako, injini ya boti zipo pale pale Kibirizi nenda kamwombe fundi akufungulie, ndo portifolio yako mpya iwe hiyo. Kazi ya bunduki ikipungua upande mmoja hiyo iwe inapanda upande mwingine, usikate mara moja ukaja kukopa.

Imeili ya bosi iandike leo. Mwambie hivi kwa Kiingereza chako: nashukuru kwa oda, kabrasha la ziara kwa Kiswahili siwezi kulianza bila kujua kwa maandishi ni la jeshi la nchi gani, picha za wanajeshi sitapiga na mziombe kwa jeshi husika, kazi ya kutafuta wageni kwa kamisheni siifanyi, kazi za vitabu vya maelekezo na maboksi niko tayari kuendelea, na kama jibu halitapatikana kufikia Ijumaa narudisha malipo ya awali yote. Usiweke samahani nyingi. Hiyo nusu aliyotuma usiiguse hata shilingi mpaka ajibu, na kama makato ya kurudisha ni makubwa muulize kama aikate kwenye kazi nyingine ambayo hujalipwa, wengi wanakubali.

Akikujibu niandikie tena unitumie na alichosema neno kwa neno, majina uyafute.

Shangazi